Setora wa Vifaranga

Siku ya kwanza alipoingia darasani, Setora alifungua madirisha yote, akatutazama tulivyobanana sakafuni, akasema kwa Kireno kwamba hataki hata mmoja wetu apungue mpaka darasa hili limalize shule. Waliokuwa na Kireno wakawatafsiria wasiokuwa nacho, na wote tukacheka. Katika kijiji chetu, kati ya Palma na Quionga, darasa kupungua lilikuwa jambo la kawaida. Wasichana waliposwa, wavulana walifuata baba zao baharini au walivuka mto wa mpakani kwenda kubeba mizigo Mtwara, na mwaka ulipoisha mwalimu alibaki na watoto wa safu za mbele tu. Yeye hakucheka. Alisubiri tumalize, kisha akasema tena yaleyale, polepole zaidi.

Setora ndivyo wanafunzi wa kwetu Msumbiji wanavyomwita mwalimu wa kike, na walimu wa kike tulikuwa tumepata wengine kabla yake. Lakini yeye alilichukua jina hilo akaondoka nalo. Mpaka leo mtu wa kijiji chetu akisema Setora, hakuna anayeuliza ni yupi. Kwao ni kusini, mbali sana, na serikali ndiyo iliyomleta. Zaidi ya hapo sikuuliza, naye hakusema. Alikuwa mrefu, mkavu, sauti yake nzito kuliko ya mkuu wa shule, na mwavuli mweusi hakuuacha kiangazi wala masika. Wazee walisema ana kiburi kwa sababu hakujifunika kichwa na aliwatazama usoni akizungumza nao. Mimi nilimwogopa mwaka mzima wa kwanza. Sijui ni lini woga ule uligeuka mapenzi, lakini uligeuka.

Mwanafunzi akikosa shule siku moja, Setora alisema labda anaumwa. Akikosa ya pili, mchana uleule ungeuona mwavuli ukielekea kwao. Hakwenda kugomba. Alikaa uani pale alipooneshwa, akamenya mihogo pamoja na wenye nyumba, akala kilichopikwa, na shule hakuitaja mpaka mwenye nyumba mwenyewe aone haya na kuitaja. Baba mmoja alimwambia, "Setora, mwanangu atakuja kesho, nenda kapumzike." Akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Nitapumzika kesho akija." Baba yule alisimulia maneno hayo barazani miaka mingi, akicheka kila mara, na mwanawe alimaliza darasa.

Lakini miguu ya mtu mmoja haiwezi kuzunguka nyumba zote, ndipo akazua habari ya mayai. Hoja yake ilikuwa rahisi: mtoto mwenye kitu chake hai shuleni hawezi kulala nyumbani. Jumatano moja akatuambia kila mtu kesho aje na yai. Sasa kesho yake ni Alhamisi, na hakuna aliyekumbuka kumweleza. Kwetu Alhamisi ni siku ya mwalimu wa chuo. Watoto wanaosoma Kurani humpelekea chochote kilichopatikana, sukari kidogo, mkate wa kumimina, yai. Mama zetu waliposikia mwalimu wa serikali naye anataka yai siku ya Alhamisi, walifurahi, wakasema angalau mgeni ameanza kujua adabu. Wakatupa mayai mazuri, makubwa, yamechemshwa vizuri, mengine na chumvi yake imefungwa kwenye karatasi.

Setora aliyapokea kwa mikono miwili, moja moja. Chumvi aliiweka kando, nadhani alifikiri ni dawa ya kienyeji. Akayapanga kwenye sanduku la mbao, akawasha kandili chini yake, akatufundisha kuyageuza asubuhi, mchana na jioni. Nasi tuligeuza! Tuliojua kwamba yamechemshwa tulidhani ni elimu ya kizungu, kwamba huenda wasomi wana namna yao ya kuangua hata lililopikwa. Na mtoto gani wa kwetu angethubutu kumwambia mwalimu kwamba amekosea? Harufu ndiyo iliyosema ukweli. Siku alipovunja la kwanza akaona kiini kilivyokuwa, aliketi juu ya meza, akatutazama, akacheka mpaka akatoka nje. Jioni akapita nyumba kwa nyumba kuwashukuru mama zetu, akiwaambia mayai yalikuwa matamu sana, na sasa anaomba mengine, safari hii mabichi. Mama yangu mpaka leo anaamini kwamba yai lake lililiwa.

Mara ya pili yalikwenda sawa. Kila yai lilikuwa na alama ya mkaa ya nyumba lilikotoka, bakuli la maji liliwekwa sandukuni ili maganda yasikauke, na kwa majuma yale hakuna aliyekosa shule. Hata mwenye homa alikuja akageuza yai lake, akarudi kulala. Radi zilipoanza, mama zetu walituma vipande vya makaa viwekwe kati ya mayai.

"Kaa la nini?" Setora aliuliza.

"La radi, Setora," alijibu Amade, mvulana wa jirani yetu, aliyekaa nyuma yangu. "Radi ikipiga pasipo kaa, kifaranga hufia ndani."

Setora, ambaye wiki iliyotangulia alikuwa ametuchorea mawingu na umeme wake ubaoni, alifikiri kidogo. Kisha akaliweka kaa katikati kabisa ya sanduku. "Sayansi haitakasirika," alisema.

Vifaranga walipototolewa, darasa lilinuka kinyesi cha kuku na lilijaa furaha ambayo sijaiona tena popote. Hapo ndipo somo lenyewe lilipoanza. Alimweka kifaranga mezani, akamwita mtu aseme ni kuku wa aina gani, na hukuruhusiwa kusema "ni huyu" bila kusema "kwa sababu". Kishingo ni kishingo kwa sababu anazaliwa shingo tupu. Bukini ni bukini kwa sababu ukimpapasa nyuma hukuti kifundo cha mkia. Kuchi ana miguu minene na anasimama wima kama askari, akikutazama kwa dharau angali na umri wa siku mbili. Na kidimu, yule ambaye manyoya yake hujikunja kurudi nyuma, hajulikani siku ya kwanza. Tulibahatisha, tukapigana kwa ubishi. Setora alitunyamazisha. "Si wewe uliyechelewa kumjua," alisema. "Yeye ndiye bado hajafika. Mngoje."

Alikuwa na maneno mengine ya namna hiyo. Kifaranga akihangaika kutoka, alitupiga vidole kwa chaki tukitaka kumsaidia. "Ukimvunjia ganda umemwonea huruma leo, kesho utamzika." Nilipokua ndipo nilipoona kwamba maneno hayo yeye mwenyewe hakuyafuata kwa watu. Kwa kifaranga alikuwa na subira ya jiwe, ila mtoto wa mtu alitaka kumtoa kwenye ganda lake kwa kucha zake zote.

Amade alitushinda wote. Alifumba macho, akampapasa kifaranga kwa vidole viwili, akataja aina, tena kwa sababu. Yeye ndiye aliyemtambua kifaranga wa nyumbani kwetu, na akazua kisa. Mama yangu na Mama Amade hawakuwa wakisemezana kwa sababu ya uzio, na kijiji kizima kilikuwa na jogoo mmoja tu wa kishingo, wa Mama Amade. Yai letu likatoa kishingo. Darasa likalipuka kwa kicheko. Niliambiwa nimpeleke kifaranga nyumbani nikamwonyeshe mama, nikampeleka.

Mama alimgeuza shingo, akamgeuza tena. "Ntoto wa nani huyu?" aliuliza, ingawa alijua.

"Yai ni letu, mama. Baba yake ndiye wa kule."

Alisogea uzioni, akapaza sauti, "Wee Mama Amade! Jogoo wako hana haya! Tumeshakuwa wakwe bila mahari!" Upande wa pili kikatoka kicheko, na kicheko kile ndicho kilichoumaliza ugomvi wa uzio. Tangu siku hiyo moto wa jiko ulitoka kwetu kwenda kwao na chumvi ikatoka kwao kuja kwetu. Kaka yangu Saide na Amade wakawa hawaachani.

Usidhani Setora alikuwa mtu wa kuku. Kifaranga alimweka kifuani, lakini kuku mkubwa alimwogopa, na jogoo akiingia darasani alipanda juu ya meza, akaendelea kufundisha kutoka huko. Wala hakuona vibaya kuwala. Kuku tuliyemwangua wenyewe, tuliyemtaja kwa aina yake na sababu zake, akikuzwa na kupikwa kwa nazi, Setora alinyonya mpaka mifupa. Tulipomshangaa alisema, "Kifaranga ni mwanafunzi. Kuku ni kitoweo." Alikuwa Mkristo peke yake katika mtaa ule, akisali Jumapili chumbani kwake kwa kuwa kanisa lilikuwa mbali, lakini mwezi wa Ramadhani hakunywa hata maji mbele yetu. Na alikuwa na hasira mbaya. Aliwahi kumrushia kifutio msichana aliyesema "naona tu" akakosa sababu, kisha jioni akaenda kwao kumwomba radhi mbele ya mama yake, jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kulifanya.

Miaka mingi baadaye, nilipoolewa Mtwara, niliwakuta kuku wa miguu mifupi, na wenyeji wakaniambia hao wanaitwa msumbiji. Nilinuna siku nzima. Halafu nikafikiria Setora angesema nini, nikamsikia kabisa akiuliza, "Kwa sababu gani?" Nikacheka peke yangu jikoni, mume wangu akadhani ninaumwa.

Habari za gesi iliyopatikana baharini zilipofika, sisi tungali darasani kwake, hakuna aliyefurahi kuliko yeye. Kwanza zilikuja meli kubwa zisizovua samaki, kisha magari meupe na watu wenye kofia ngumu, kisha kila mtu akawa anaota. Setora aliota zaidi yetu. Kwake gesi ndiyo ilikuwa jibu la kile alichokitaka tangu siku ya kwanza. "Sasa hakuna haja ya mtu kuvuka mto," alituambia. "Mtasoma hapa, mtafanya kazi hapa, mtazeeka hapa hapa pamoja. Nitakuja kuwatembelea na fimbo yangu." Alisema hata sanduku letu la mayai litapata gesi, tuache kupumua moshi wa kandili. Tulimwamini kwa sababu alikuwa hajawahi kutudanganya. Wala hakutudanganya, masikini. Aliamini.

Gesi ndiyo iliyolivunja darasa lake. Familia nyingine zilihamishwa kupisha ujenzi. Wavulana waliacha daftari wakaenda kukaa mbele ya lango la kampuni kusubiri kuitwa kazini, na Amade alikuwa mmoja wao. Alipokosa siku ya pili, Setora alichukua mwavuli wake akaenda langoni. Mimi na msichana mwenzangu tulimfuata. Aliketi chini kwenye vumbi kati ya vijana, akafungua mwavuli, akamfunika Amade na jua.

"Amade, twende."

"Nasubiri kuitwa, Setora."

"Utaitwa ukiwa na cheti."

"Wenye cheti wanashuka kwenye ndege. Mimi nna nini? Najua kuku." Vijana walicheka, lakini Amade hakucheka. "Wanaitwa wa kwenu tu, Setora. Wewe mwenyewe unawaona."

Na kweli alikuwa anawaona, maana wengine walimpungia mkono wakipita, wakimwita kwa lugha ya kwao, wakifurahi kumkuta mtu wa nyumbani pembe hii ya nchi. Alikuwa na sababu ya kila kitu, lakini siku ile alikosa. Alikaa mpaka jua likapoa, akarudi. Kesho yake alikwenda tena, na keshokutwa. Kisha ikafika siku Amade hakuwepo hata langoni. Watu walisema amewafuata wale vijana walioanza kusali kivyao na kuwakataza watu shule ya serikali. Baadaye wakasema ameingia nao porini.

Vita sitaisimulia hapa. Walioiona hawahitaji, na wasioiona sina maneno ya kuwapa. Kaka yangu Saide aliuawa barabarani karibu na Awasse, akirudi na mzigo wa mchele. Hatujui ni mkono wa nani. Mama yangu anajua, hata kama hajui. Kwake ni mkono wa Amade. Tulikimbia kupitia Nhica tukavuka mto, na nilipoolewa Mtwara mama akaja kukaa kwangu, na tangu siku hiyo jina la jirani yetu halitajwi katika nyumba yangu.

Njia iliporuhusu, nilirudi kutazama kiwanja chetu. Niliwakuta watu wachache wamerejea, wakiezeka upya. Wakaniambia Setora naye yupo. Walimu wote wa kutoka mbali walikuwa wameomba uhamisho, naye alipelekwa kusini kwao, akapumzika kidogo, halafu akaomba arudishwe. Wakubwa wake walidhani amerukwa na akili. Nilimwuliza mwanamke mmoja kisimani Setora anakaa wapi. Alinyoosha midomo upande wa nyumba ya Mama Amade. "Kwa yule," alisema, akainua ndoo yake akaenda zake.

Nilimkuta barazani akichambua mboga. Nywele zimekuwa nyeupe zote, na kichwani amejifunga kanga, yeye aliyewaudhi wazee kwa kichwa wazi. Alinikumbatia kwa muda mrefu. Akanitajia wenzangu waliko: huyu Pemba, huyu Nampula, yule kazaa pacha, wale wawili hawapo tena. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Mimi sikukaa. Niliisikia harakati ndani ya nyumba na nilijua ni ya nani.

"Setora, Saide wetu amekufa," nilisema.

"Najua. Nimemlilia."

"Na bado unalala nyumba hii?"

"Nalala nyumba hii." Aliweka mboga chini. "Anifa, mtoto akikosa siku ya pili naenda kwao. Sijui kama yu hai. Akija na damu mikononi, nitamshika mkono mimi mwenyewe nimpeleke anakotakiwa. Lakini nilipofika, mama yake alikuwa hali chakula. Hakuna aliyechota maji naye, hakuna aliyempa hata moto. Alikuwa anakufa kwa kukosa mtu wa kula naye."

Nilitaka kumwambia kwamba mama yangu pia hali, kwamba huko Mtwara huweka sahani mbili akasahau kwamba Saide hayupo. Mkono ukatokea mlangoni, umekonda, ukaweka sahani ya mihogo na samaki kizingitini, ukarudi ndani. Setora aliivuta sahani katikati yetu akaanza kula.

"Siwezi, Setora," nikamwambia. Nilikuwa nalia.

"Sikuombi umsamehe mtu. Nakuomba ukae."

Nikakaa. Sikula, lakini nilikaa mpaka alipomaliza. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda, na nilikuwa na hasira naye, na vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja. Tuliagana bila maneno mengi. Nilikuwa nimeshashuka barazani niliposikia sauti ya ndani, dhaifu, ambayo utoto wangu wote niliisikia juu ya uzio.

"Anifa. Msalimie mama yako."

Setora alinitazama. Kwetu mtu akikupa salamu hivyo jibu lake ni moja, na mdomo wangu ukalitoa kabla sijaamua. "Zimefika," nilisema. Na ukishajibu hivyo umebeba amana, huna budi kuifikisha.

Nilivuka mto nikarudi. Mama alikuwa uani akipepeta mchele. Aliniuliza nimewaona kina nani, nikamwambia nimemwona Setora, mzima, nywele zimekuwa nyeupe. Alifurahi, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akaniuliza anakaa kwa nani siku hizi. Nikamwambia anakaa nyumba za walimu. Salamu zile ninazo mpaka leo.